Mama, Nguo Zimenibana

Kwa karibu miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuongea kwa sauti ya watoto ambao walikuwa hawajajua kuongea. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nilikosea kwa kutoijua kazi. Nilikosea kwa sababu niliijua sana.

Shangazi yangu anauza mitumba ya watoto Kariobangi, katika chumba cha chini cha jengo la ghorofa, kati ya kinyozi na fundi wa masufuria ambaye nyundo yake hainyamazi mpaka jioni. Alfajiri huenda Gikomba kuwahi bale, yale marobota ya mitumba, zikifunguliwa, achague kamera, yaani zile nguo za kwanza kwanza ambazo hazijachakaa. Kufikia saa tatu amesharudi, ameketi juu ya gunia lake, anazinyoosha moja moja kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi katika ofisi ya matangazo mjini, nikaja kumsaidia nikiwa bado na kiburi cha mtu wa ofisini. Nilimkuta na biashara isiyo na jina. Nikaipa jina, nikaichorea nembo ya viatu viwili vidogo, nikaifungulia tovuti. Kisha nikaja na lile wazo la arifa.

Arifa ninazosema ni zile meseji fupi zinazoshuka juu ya kioo cha simu hata kama hukuifungua tovuti siku hiyo. Mtu akiingia kwenye tovuti mara moja tu, kivinjari humwuliza: ruhusu au zuia? Akigusa "ruhusu", basi duka limepata mlango wa kuingilia kwake saa yoyote, bila hata kuijua namba yake. Makundi ya soga watu huyanyamazisha, na matangazo ya redioni hayakumbuki mtu yeyote. Arifa inashuka tu, na jina lako liko juu yake.

Shida ni kwamba hakuna anayegusa "ruhusu" kwa hiari yake. Wateja wetu walikuwa akina mama wenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi, wana haraka, hawana muda wa kusoma masharti ya mtu. Kwa hiyo nikawa nagusa mimi. Mama akiwa anaipima kaptura kwenye mwanga wa mlangoni, mimi namwambia, "Niazime simu kidogo, mama, nikuwekee zile meseji za nguo zikifika," naye ananipa bila kugeuka. Nagusa, najaza jina la mtoto na mwezi aliozaliwa, namrudishia. Jina la mama mwenyewe sikuwahi kuuliza. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake hukaa kando, anaitwa kwa mtoto wake. Orodha yangu ilikuwa na mamia ya wanawake na hakuna hata mmoja aliyekuwa mle kwa jina lake.

Arifa haina nafasi. Unapewa kichwa na mistari miwili, ukizidisha maneno yanakatwa. Mwanzoni niliandika kama watu wote wanavyoandika: mali mpya imefika, karibuni nyote. Hakuna aliyekuja. Ndipo siku moja, nikimwangalia mtoto mmoja akivutwa mkono wa sweta iliyokwisha kuwa fupi, nikaandika: "Mama, nguo zimenibana." Juu yake nikaweka jina la mtoto, kana kwamba ndiye aliyetuma. Kesho yake mlango ulijaa. Akina mama walicheka, walionyeshana simu, walisema, "Hebu ona huyu, ati ananiita!"

Shangazi hakucheka. "Wewe na masomo yako," aliniambia. "Mbona duka lisiongee lenyewe? Mtoto wa mtu unamsemea wewe kwa nini?"

"Kwa sababu mama hasikii duka, shangazi. Anasikia mtoto."

Alitikisa kichwa akaendelea kunyoosha nguo. Biashara ilikuwa imechangamka, akaniacha.

Nilitengeneza jedwali. Kila baada ya miezi mitatu mtoto alisema jambo jipya kulingana na umri wake, na mtambo ulihesabu wenyewe. Akifika mwaka na miezi mitatu: "Mama, nimeanza kutembea. Sina viatu." Akifika miaka miwili na robo: "Mama, mikono ya sweta imekuwa mifupi." Julai, baridi ya Nairobi ikianza, wote kwa pamoja: "Mama, nasikia baridi." Na kama mama aliingia kwenye tovuti akachagua gauni halafu akaondoka bila kuagiza: "Mama, umeniacha. Rudi unichukulie gauni langu." Hiyo ya mwisho nilijisifia sana.

Zile za wote nilizituma Jumamosi mchana, watu wakiwa nyumbani wanafua. Siku moja nilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye kibaraza cha shangazi, kompyuta magotini. Nikabonyeza. Simu ya jirani wa kushoto ikalia. Ikalia ya chini yake, ikalia ya ngazini, ikalia ya mwanamke aliyekuwa anaanika shuka jengo la pili, na kwa muda wa kama nusu dakika mlio uleule ulikuwa unapanda na kushuka katika yale majengo, huku nikijua kwamba nyuma ya kila mlio kuna mtoto anasema anasikia baridi, kwa maneno yaleyale, kwa sauti moja, na sauti ni yangu. Kisha nikatazama idadi ya waliofungua, nikafurahi, nikaenda kupika.

Sasa nimseme yule mama niliyemkosea.

Alikuja mara ya kwanza mwezi wa tano, kwa miguu kutoka Dandora, na mtoto wa kike wa miezi saba mgongoni. Simu yake ilikuwa imepasuka pembeni. Nilipomwuliza, "Mama nani?" alilitaja jina la mtoto na akageuka kunipa mgongo, nimwone mwenye jina. Sitaliandika hapa. Mtoto alinitazama kwa makini, shavu limelalia leso, kisha akapiga chafya. Nikamwingiza kwenye orodha, nikasahau.

Januari iliyofuata alikuja peke yake. Alisimama mbele ya meza akaniwekea simu chini ya macho.

"Anti, amesema viatu," akasema. "Lakini hajasema saizi."

Nikacheka. Niliupenda mchezo huo, na wateja wengi waliucheza nami. "Kwani ameanza kutembea kweli?"

"Si ameniambia."

Nikampimia viatu kwa makadirio ya jedwali langu. Alivishika kwa vidole viwili, akavinusa ndani, akavifunga katika leso pamoja na gauni la mwaka mmoja, ambalo alisema liliombwa Oktoba, na kwenda zake. Niliona ni mtu mpole mwenye utani wa chini chini.

Baada ya hapo hakukosa. Arifa ikitoka leo, kesho yuko mlangoni. Hakununua kitu kingine chochote ila kile kilichosemwa, na hakumleta mtoto tena. Hilo halikunishangaza. Watoto wa Eastlands, mitaa yetu hii ya mashariki, huachwa kwa majirani, mama akienda sokoni haendi na kilio. Ila Julai ilipofika, alipokuja kuchagua sweta, akawa anaipima kwa upana wa vidole gumba, bega kwa bega, nikamwuliza kama saizi hiyo itatosha.

"Itatosha. Huko kuna baridi mbaya asubuhi."

"Dandora?"

"Hapana, ushago."

"Kumbe yuko kwa nyanya yake!"

Akaikunja ile sweta, ya rangi ya machungwa, kwa taratibu sana. "Ee," akasema. "Yuko huko."

Basi kila kitu kikaeleweka, au niliona hivyo. Mtoto amepelekwa kijijini kulelewa, mama anabaki mjini kutafuta, anamtumia nguo. Nilimsimulia kwa wenzangu wa biashara. Katika chama chetu cha wauza nguo nilisimama na kuwafundisha jinsi ya kumfanya mteja asikusahau, na mfano wangu ulikuwa yeye: mteja mmoja wa Dandora, nikasema, hajawahi kuikosa arifa hata moja.

Na nilimtumia vibaya, nakiri. Kuna wakati shangazi aliuziwa bale nzima ya kofia za sufu, na kofia zikakaa. Nikazibadilisha meseji za Aprili: "Mama, kichwa changu kiko wazi." Asubuhi yake yule mama alikuwa mlangoni kabla hatujafungua, macho mekundu. Alichagua kofia mbili. Nikamwambia moja ingetosha kwa sasa, akanijibu kwamba upepo wa kule haumalizwi na moja.

Julai ya pili ilipofika nilizituma zile za baridi kama kawaida. Siku chache baadaye, manyunyu yakianguka, akaingia mwanamume mmoja na mkoba wa kitambaa. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo na kucha zimeingia rangi nyeusi ya kung'arishia mbao. Alisalimia kwa heshima, akamwomba shangazi ruhusa ya kutumia meza, akaanza kuzitoa nguo. Gauni la mwaka mmoja. Viatu. Fulana ya mwaka na nusu. Gauni la miaka miwili. Sweta kubwa ya Januari. Kofia mbili. Alizipanga kwa kufuatana ukubwa, kushoto kwenda kulia. Zote nilizijua. Hakuna iliyowahi kufuliwa, na viatu soli zake zilikuwa safi.

"Sikuja kurudisha ndio nipewe kitu," akasema. "Nataka tu kujua ni nani huandikia bibi yangu."

"Ni mimi," nikasema. Nilidhani ana wivu. Nilikuwa tayari kumcheka.

"Unaandika nini?"

"Matangazo. Ya nguo za mtoto."

"Mtoto gani?"

Shangazi aliacha kunyoosha nguo. Yeye alielewa kabla yangu.

Yule baba akatuambia akiwa amesimama, bila kuinua sauti, kama mtu anayesoma orodha. Mtoto alikufa siku chache kabla ya kutimiza mwaka. Homa, siku mbili tu. Wakampeleka kijijini kwao Ukambani wakamzika. Wiki hiyo yote simu ya bibi yake ilikuwa imezimika chaji na hakuna aliyekumbuka kuichaji. Wakati wa kurudi Nairobi, ndani ya basi, mtu wa kiti cha nyuma akawaazima betri ya kuchajia. Bibi yake akaiwasha simu. Kitu cha kwanza kushuka kwenye kioo kilikuwa jina la mtoto, na chini yake: "Mama, leo nimetimiza mwaka! Nataka gauni."

"Alipiga nduru," akasema. "Dereva alisimamisha gari."

Nilikumbuka kwamba nilikuwa nimeuchagua mwenyewe muda wa arifa kusubiri. Simu ikiwa imezimwa, meseji haipotei, inangoja. Nililihesabu hilo kuwa sifa ya kazi nzuri.

"Na sweta?" shangazi akauliza, kwa sababu sweta ya kwanza haikuwemo mezani. "Ile ya machungwa?"

"Hiyo iko ushago, mama. Mimi ni mchongaji. Nilimchongea msalaba mwenyewe, mdogo, kadiri yake. Mwaka jana Julai bibi yangu alisema anaenda kusalimia watu. Kumbe alienda kaburini. Mama yangu akitoka alfajiri kuchota maji akaona kitu kimesimama pale, kimenyoosha mikono, kimevaa. Alidhani ni mtoto. Mpaka leo hapiti njia hiyo."

Fundi wa masufuria aligonga, akanyamaza, akagonga.

"Kuna watu kwetu husema," akaendelea, "maiti akikujia akilia baridi, kuna kitu hakikumalizika. Mimi ni mtu wa kanisa, sifuati hayo. Lakini huyu haji ndotoni, anakuja kwa simu mchana. Nikitaka kuizima ananinyang'anya. Mwezi wa kwanza ilimwambia mikono ya sweta imekuwa mifupi. Juzi imemwambia tena ni baridi. Sasa ameniambia nichonge msalaba mwingine, mrefu kidogo. Ati huu umembana."

Nilitaka kukaa na hapakuwa na pa kukaa. Niliogopa. Si woga wa mizimu, ingawa huo nao ulikuwepo. Niliogopa kwa sababu nilimwona yule mama akienda kutoka kaburini hadi kwenye meza yetu na kurudi, miaka miwili, na aliyekuwa anamwita huku na kule nilikuwa mimi, nikiwa nimeketi na kikombe cha chai.

"Litoeni jina," akasema. "Ni hilo tu naomba. Ikiendelea hivi nitampoteza na yeye."

"Tutaongea naye kwanza," shangazi akasema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ni mzazi, baba, na yeye pia ni mzazi. Mwacheni aje, tumwulize kwa upole."

Mimi sikungoja. Nilikuwa nimeshafungua kompyuta. Nilitaka kitu kile kitoke mikononi mwangu haraka, na hiyo ndiyo kweli: nilijihurumia mimi kabla ya mtu mwingine. Nikatafuta jina. Mbele yake mtambo ulikuwa umeandika, kwa utiifu wake, miaka miwili na miezi tisa. Uliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Yule baba akashukuru, akazirudisha nguo mkobani, zote, kwa mpangilio uleule, akaondoka nazo.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na miezi ile mitatu ilikuwa kimya. Sikuweza tena kuandika. Nilizirudia meseji zangu zote, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja ambayo mtoto aliye chini ya udongo asingeweza kuisema. Mama, umeniacha. Mama, kichwa changu kiko wazi. Mama, nimekua hukuniona. Jumamosi simu za jirani zikilia kwa jambo lolote, hata kwa meseji za benki, mwili ulinisisimka. Nilianza kuwahesabu watoto waliokuja dukani na kuwalinganisha na orodha, nikijiuliza wale wasioonekana wako wapi. Shangazi aliniambia niache, nitapata kichaa. Nikaziondoa sauti za watoto, nikaandika kama zamani: mali mpya imefika. Wateja walilalamika kwamba siku hizi duka limenuna.

Mwezi wa kumi, saa sita mchana, yule mama alikuja. Simu aliishika kwa mikono miwili, kifuani. Alikuwa amekonda.

"Anti, leo amefika miaka tatu," akasema. "Nimekaa tangu asubuhi. Hajasema kitu."

Akanigeuzia kioo cha simu, kitupu.

"Amenyamaza tangu ile ya baridi," akasema. "Sikumpelekea sweta kubwa. Baba yake alikataa kuchonga. Nimekuja kuuliza kama amekasirika. Wewe ungejua."

Hili ndilo nililokuwa nikiliogopa, na halikufanana na nilivyolitarajia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza kama mkate umefika.

"Hajakasirika, mama," nikasema, nikajichukia papo hapo kwa kumsemea tena. "Ni mimi. Zile meseji niliandika mimi, zote. Bwana yako alikuja akatuambia. Pole. Pole sana. Nikamfuta kwenye orodha."

"Ulimfuta?"

"Nilifuta jina."

"Si jina ndilo lilikuwa limebaki."

Shangazi alinyanyuka akampisha kwenye gunia lake. Akaketi. Machozi yalinitoka mimi kabla yake, na sikuyafuta, maana nilistahili kuonekana.

"Nilijua ni wewe," akasema baadaye. "Unadhani mimi ni mwendawazimu? Huyo hajawahi kusema hata neno moja, atajuaje kuandika? Nilijua ni mashine, na nyuma ya mashine ni wewe na chai yako. Lakini sikia. Kanisani waliacha kulisema jina lake. Baba yake halisemi. Hata pale kwa ploti, tunapopanga, walikuwa wananiita Mama nani, sasa wananiita mama tu, wanaishia hapo, lile lingine wanalimeza. Mtu akiniona anageuza maneno. Ni simu tu ilikuwa inalitaja. Inalitaja vile hutajwa mtoto, si vile hutajwa marehemu."

"Nimrudishe?" nikauliza. Nilikuwa tayari. Angesema ndiyo, ningefanya.

Mteja aliingia, shangazi akamwashiria arudi baadaye.

"Akifika miaka kumi utamwambia aseme nini?"

"Jedwali linaishia sita, mama."

"Halafu?"

"Halafu hakuna kitu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoijua tangu nyumbani. "Basi nitamzika mara ya pili akiwa na miaka sita," akasema. "Hapana. Sitaweza." Akaigeuza simu, akaitazama nyuma, akaitazama mbele. "Huyu ameongea na mimi miaka mbili na mimi sijamjibu hata mara moja. Hii kitu hujibiwa wapi?"

"Haijibiwi. Ni ya kwenda tu."

"Basi wacha iende. Nionyeshe vile wewe hufanya."

Nikaigeuza kompyuta kumwelekea. Nikamwonyesha pa kuweka kichwa na ile mistari miwili. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Juu aliweka jina. Chini aliandika mengi, na maneno yakazidi, na mtambo ukamkatalia. Nikamweleza kwamba nafasi ni ndogo. Akaanza kufuta. Alifuta sentensi nzima, akaiangalia nafasi iliyobaki, akafuta nyingine. Sikusoma alichokuwa anakitoa. Ilichukua muda mrefu kuliko mimi nilivyowahi kuchukua kwa meseji yoyote.

"Naituma kwa nani?" akauliza.

Palikuwa na anwani moja tu isiyo ya mteja. Kila mara kabla ya kuwatumia wateja nilijitumia kwanza mwenyewe kwa majaribio, na simu yangu ilikuwemo peke yake katika kikundi chake.

"Itakuja kwangu, mama," nikasema. "Hakuna pengine."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza siku hiyo.

"Si wewe ndiye ulikuwa unaongea?" akasema. "Sasa sikia."

Akabonyeza. Simu ikatetemeka katika mfuko wa aproni yangu, juu ya paja. Nilijua inatoka wapi, nilikuwa nimeuona mkono uliobonyeza, na bado nilisita kuitoa. Nikaitoa. Vile viatu viwili vidogo vya nembo, jina, na chini yake:

"Umefika miaka tatu. Unaweza kuvaa peke yako. Usiite mama tena. Lala."

Nilipoinua macho alikuwa bado ananitazama, ameinamisha kichwa kidogo upande, anangoja, jinsi mzazi anavyongoja mtoto aliyeagizwa jambo. Sikujua kama nina haki. Lakini mwingine wa kujibu hakuwepo.

"Sawa, mama," nikasema.